Jemadari na Mtu wa Siasa

 

Mwaka mmoja tuliwaomba vijana wa chuo cha ualimu waandike, kila mtu kwenye karatasi yake, jina la mtu mmoja mkuu wa Afrika ya zamani, na sababu ya kumchagua. Tulipozikusanya karatasi tuliona ya kuwa karibu wote wamewataja watu wa vita. Huyu alishinda makabila mengi, yule hakuwahi kukimbia, mwingine askari wake hawakuhesabika. Hapana hata mmoja aliyemchagua mtu kwa sababu alizuia vita, wala kwa sababu watu wake waliendelea kulima na kulea watoto baada ya yeye kufa. Hatukuwalaumu vijana wale, maana sisi wenyewe utotoni tulipenda hadithi zizo hizo. Wazee walipoota moto jioni wakasimulia vita, hapakuwa na mtoto aliyesinzia. Walipoanza kusimulia shauri la barazani, sote tulilala. Lakini karatasi zile zilitutia fikira, na fikira hiyo ndiyo tutakayowaeleza leo.

Kwanza tuyatazame maneno yenyewe. Jemadari ni mkuu wa askari. Kazi yake yajulikana: kumshinda adui aliye mbele yake, au kumzuia asipite. Ikiwa ameshinda, kazi yake imekwisha, naye hustahili sifa. Neno siasa lina habari ndefu zaidi. Siku hizi watu wakilisikia hufikiri mara moja habari za vyama, kura na maneno ya majukwaani. Lakini katika Kiswahili cha wazee siasa ilikuwa ni upole na utaratibu. Mtu aliyetumwa kwa mkubwa mwenye hasira aliambiwa amwendee kwa siasa, yaani asimrukie, ila achague maneno, na tena achague saa ya kuyasema. Maana hizo mbili haziko mbali, kwa kuwa kuongoza nchi ni kuwaendea watu hivyo, walio wako na wasio wako.

Basi leo twataka kuwaonyesha tofauti ya kazi hizi mbili kwa habari za watu watatu. Wote waliishi wakati mmoja, wote walizaliwa Kusini mwa Afrika, na taabu iliyowapata ilikuwa moja. Wa kwanza ni Shaka wa Wazulu. Wa pili ni Zwangendaba, ambaye watu wake walifika mpaka Ufipa na Songea, katika nchi iitwayo leo Tanzania. Wa tatu ni Moshoeshoe wa Wasotho.

Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 19, nchi iliyo kati ya milima ya Drakensberg na Bahari ya Hindi ilijaa fujo. Watawala waligombania malisho, maji, na biashara ya pembe za ndovu iliyokwenda Ghuba ya Delagoa. Tena ilipita miaka ya ukame na njaa. Kabila lililopigwa lilikimbia, na katika kukimbia likapiga kabila lingine ili lipate chakula. Wasotho huziita siku zile Lifaqane. Zamani vitabu vilimtwika Shaka lawama yote peke yake; wataalamu wa siku hizi hawakubali, nao hutaja pia ukame, biashara, na wanyang'anyi wenye farasi na bunduki waliotoka upande wa Cape. Ila wote wakubali jambo moja, kwamba katika siku zile mtu asiyeweza kujilinda hakuwa na pa kulala.

Shaka alizaliwa karibu na mwaka 1787. Baba yake, Senzangakhona, alitawala ukoo mdogo wa Wazulu, lakini mtoto na mama yake Nandi waliondoka kwake, na Shaka akakulia kwa watu wengine. Alipokuwa kijana aliingia katika jeshi la Dingiswayo, mfalme wa Wamthethwa, akajionyesha kuwa askari hodari. Mwaka 1816, baba yake akiwa amekufa, akautwaa utawala wa Wazulu. Katika muda wa miaka 12 ukoo ule mdogo ukawa ufalme mkubwa.

Wengi wenu mmesikia jinsi alivyofanya. Vijana wa umri mmoja walikusanywa katika kikosi kimoja, wakakaa pamoja kambini. Desturi ya vikosi ilikuwako kabla yake, ila yeye aliikaza. Aliwapa mkuki mfupi wenye bapa pana, wa kuchoma kwa karibu, usio wa kurusha. Aliwafundisha kupigana kwa mpango wa pembe za ng'ombe: kifua cha jeshi hukutana na adui mbele, na pembe mbili humzunguka. Kwa njia hiyo alimshinda Zwide, mfalme wa Wandwandwe, aliyekuwa na nguvu kuliko wote. Tusimdharau Shaka. Watu wa koo nyingi zilizokuwa zikipigana walijifunza kuitwa kwa jina moja, na jina hilo la Wazulu lipo mpaka leo.

Lakini utawimba sifa za nyumba, nasi hatuna budi kutazama imesimama juu ya nini. Nyumba ya Shaka ilisimama juu ya jeshi. Vijana hawakuoa mpaka mfalme akipeleke kikosi chao ruhusa. Walikula ng'ombe wa mfalme, na wengi wa ng'ombe hao walitoka vitani. Jeshi la namna ile haliwezi kukaa bure. Likikaa, lala bila kuleta. Mwaka 1828 Shaka alilipeleka kusini kupigana na Wampondo. Liliporudi, limechoka, halikupewa nafasi ya kupumzika. Lilipelekwa moja kwa moja kaskazini kumfuata Soshangane. Ndugu zake wawili wa baba mmoja, Dingane na Mhlangana, hawakufika huko na jeshi. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule, vikosi vikiwa mbali, wao na Mbopha, mtumishi wake mkuu, walimwua Shaka kwa mikuki katika mji wake wa Dukuza.

Mtu aliyewashinda wafalme wengi hakuweza kukaa salama na ndugu zake. Hata hao waliomwua hawakukaa salama, kwani Dingane alimwua Mhlangana, naye Dingane mwaka 1840 akaondolewa na ndugu mwingine, Mpande. Ufalme ulidumu, lakini njia ya kuupata ikawa ni mkuki.

Sasa tumfuate Zwangendaba, ambaye habari zake zatugusa kwa karibu. Alikuwa mkuu wa ukoo wa Jere, chini ya Zwide. Zwide alipopigwa na Shaka, Zwangendaba akawachukua watu wake akakimbilia kaskazini. Alikaa kwa muda upande wa Ghuba ya Delagoa, akagombana na Soshangane, akaendelea mbele. Alipita nchi iitwayo leo Zimbabwe, akauharibu utawala wa Warozvi uliokuwa mkubwa huko. Mwezi wa Novemba 1835 alivuka mto Zambezi, na wazee wa Kingoni wamesimulia kwamba siku ile jua lilipatwa. Miaka michache baadaye alifika katika nchi ya juu ya Ufipa. Mwendo wote ulipita maili elfu moja, kwa miguu, pamoja na wanawake, watoto na ng'ombe.

Jambo la kustaajabisha katika safari ile si umbali wake tu. Alianza na watu wachache, akafika na maelfu. Kila nchi aliyopita aliteka vijana, akawatia katika vikosi, akawagawa katika nyumba za wakubwa, na baada ya miaka michache mateka yule alijiita Mngoni, akaenda kuteka wengine. Kama kuna jemadari aliyejua kugeuza maadui kuwa askari wake, ndiye huyu.

Zwangendaba alikufa huko Ufipa, mahali paitwapo Mapupo, karibu na mwaka 1848. Basi tazameni yaliyofuata. Wakubwa waligombana juu ya mrithi, na lile jeshi ambalo Zambezi haukulizuia likavunjika vipande. Mpezeni akaenda na watu wake upande ulio leo mashariki ya Zambia. M'mbelwa akaenda kaskazini ya Malawi. Wengine, walioitwa Watuta, wakaelekea kaskazini hata nchi za Unyamwezi. Wengine wakaongozwa na Zulu Gama, wakashuka mpaka nchi ya Songea. Huko waliwakuta Wangoni wenzao, Wamaseko, waliokuja kwa njia nyingine. Na mwisho wa mambo wakapigana nao, hata Wamaseko wakavuka tena Ruvuma kurudi kusini. Watu waliotoka katika taabu moja, wenye vikosi vya namna moja na ngao za namna moja, hawakuweza kukaa katika nchi moja.

Hatusemi kwamba Wangoni hawakuacha kitu. Majirani zao, kama Wasangu na Wahehe, walijifunza kwao namna ya kupigana, na falme za huko nyuma zikabadilika kwa ajili hiyo. Lakini kilichowaunganisha watu wa Zwangendaba kilikuwa ni safari, na vita, na mtu mmoja. Mtu yule alipokufa na safari ikakoma, hapakuwa na shauri lililokubaliwa na wote la kuamua nani atawale.

Wa tatu ni Moshoeshoe. Alizaliwa karibu na mwaka 1786, mtoto wa Mokhachane, mkuu mdogo kabisa, ambaye hapana mtu wa mbali aliyemjua. Jina lake la utoto lilikuwa Lepoqo. Jina la Moshoeshoe alilipata kwa wizi wa ng'ombe. Alipokwisha kumnyang'anya mkuu mmoja mifugo yake, alijisifu kwamba amemnyoa ndevu, na Moshoeshoe ni mlio wa wembe unaponyoa. Basi msidhani kwamba alizaliwa mpole. Alianza kama vijana wengine wa wakati wake. Wasotho husimulia kwamba alifundishwa na Mohlomi, mtawala na mganga mwenye busara, aliyemshauri awatawale watu kwa wema.

Mwaka 1824 alizingirwa na Watlokwa katika kilima chake cha Butha-Buthe, watu wake wakakaribia kufa kwa njaa. Waliporudi nyuma kidogo maadui, akawachukua watu wake wakati wa baridi kali wakaenda kusini, mpaka mlima uitwao Thaba Bosiu, maana yake mlima wa usiku. Juu ya mlima ule ni tambarare, pana chemchemi za maji na majani ya kulisha, na pande zake ni majabali yenye njia chache za kupandia. Kuuchagua mlima ule ilikuwa kazi ya jemadari, na jemadari mzuri.

Katika safari ile babu yake Moshoeshoe, mzee Peete, aliachwa nyuma, akakamatwa na watu ambao njaa ilikuwa imewafanya wale nyama ya watu. Wakamla. Baadaye watu wale waliletwa mbele ya Moshoeshoe, na wakuu wake wakataka wauawe. Yeye akakataa. Alisema kwamba watu hao ndio kaburi la babu yake, na haifai mtu kulivunja kaburi la mzee wake. Akaamuru wafanyiwe tambiko la kutakasa lifanywalo makaburini, kisha wakapewa ng'ombe, wakakaa katika nchi yake kama raia.

Tuulizane: jemadari angewafanyaje? Pengine angewaua, na hapana mtu ambaye angemlaumu. Lakini nchi ilikuwa imejaa watu wa namna ile, waliofanywa wabaya na njaa. Kama Moshoeshoe angewaua hao, wenzao wangebaki vichakani, kila mmoja akijua ya kwamba akijitokeza atakufa. Kwa kuwasamehe aliwafungulia wote mlango.

Mwaka 1831 jeshi la Wandebele wa Mzilikazi lilikuja kuushambulia mlima. Wasotho walivingirisha mawe juu yao njiani, wakashindwa kupanda, wakaanza kurudi kwao. Mmisionari Casalis ameandika yaliyotokea baadaye. Moshoeshoe aliwapelekea ng'ombe walionona, na mjumbe akasema kwamba mfalme adhani ni njaa iliyowaleta, basi wachukue ng'ombe hawa wale njiani. Wandebele hawakurudi tena. Kama angewafuata na mikuki angeua wengine wachache, na mwaka wa pili wangekuja kulipiza kisasi.

Huku nyumbani alijenga kwa njia mbili. Ya kwanza iliitwa mafisa. Mkimbizi aliyefika bila kitu alipewa ng'ombe wa kukamua. Maziwa yalikuwa yake, ng'ombe alibaki kuwa wa mfalme. Desturi kama hii wafugaji wengi wa Afrika ya Mashariki waijua vizuri. Mtu aliyekunywa maziwa ya ng'ombe wa Moshoeshoe hakuwa mateka, wala hakuwa mgeni tena. Ya pili iliitwa pitso, yaani mkutano wa watu wote wanaume, ambapo mtu aliweza kusimama akasema neno lake, hata la kumlaumu mkubwa. Mfalme alisikiliza, kisha mwisho akanena.

Tena alitafuta elimu ya mambo mapya. Wanyang'anyi wenye farasi na bunduki walipomsumbua, alisikia habari za wamisionari, akapeleka ng'ombe ili aletewe mmoja. Ng'ombe wale waliibiwa njiani, lakini mwaka 1833 walifika Wafaransa watatu, Casalis, Arbousset na Gosselin. Aliwapa mahali pa kukaa, akamtumia Casalis kama mshauri na mwandishi wa barua zake kwa serikali za Wazungu. Wakati ule ule aliwanunulia watu wake farasi na bunduki. Kalamu haikumfanya asahau bunduki.

Hapo twafika mwaka 1852, nasi twaomba mtusikilize vizuri. Gavana wa Cape, Sir George Cathcart, alikuja na jeshi la Waingereza kutoza faini kwa ajili ya wizi wa ng'ombe mpakani. Alidai ng'ombe 10,000 na farasi 1,000 kwa siku tatu. Moshoeshoe alimwendea akasema naye. Akamwambia kwamba amani ni kama mvua inayootesha majani, na vita ni kama upepo unaoyakausha. Siku tatu zilipokwisha ng'ombe waliofika walikuwa 3,500. Tarehe 20 Desemba Cathcart akavuka mto Caledon. Sehemu moja ya jeshi lake ilipanda uwanda wa Berea ikateka ng'ombe zaidi ya 4,000, na hapo wapanda farasi wa Kisotho wakaiangukia ghafula. Waingereza 38 waliuawa. Hata jioni jeshi la Malkia lilikuwa bado chini, na mlima wa usiku haujaguswa.

Fikirini hali ilivyokuwa juu ya mlima usiku ule. Vijana wameona kwa macho yao askari wa Kizungu wakirudi nyuma. Jemadari yeyote angesema kwamba sasa ndiyo saa, tushuke kabla hakujapambazuka. Moshoeshoe aliamuru iandikwe barua. Barua ile, iliyoandikwa usiku wa manane, ilimwambia Gavana kwamba ameonyesha nguvu zake, ameadhibu, ng'ombe amechukua, basi na itoshe. Naye aomba amani, asihesabiwe tena kuwa adui wa Malkia. Cathcart alipoipata aliona mlango wa kutokea bila aibu. Akakubali, akaondoka na jeshi lake.

Wahenga walisema: mkono usioweza kuukata, ubusu. Mtu aweza kudhani kwamba Moshoeshoe alifanya hivyo tu. Lakini methali hiyo ni ya mtu aliyeshindwa, naye siku ile hakushindwa. Ni vigumu kuomba amani umeshindwa; kuiomba umeshinda ni vigumu zaidi, kwa kuwa wa kukuzuia ni watu wako mwenyewe, na moyo wako. Yeye alijua ya kuwa jeshi lile la Cathcart ni kidole cha mkono mrefu. Ukikikata kidole, mkono wote utakuja.

Kwamba alifikiri sawasawa, ilionekana baadaye kwa Wazulu. Tarehe 22 Januari 1879, siku za mfalme Cetshwayo, jeshi la Wazulu liliwashinda Waingereza huko Isandlwana, likawaua watu zaidi ya 1,300, askari wa Kiingereza na Waafrika waliokuwa upande wao. Ulikuwa ushindi mkubwa mno kuliko ule wa Berea. Waingereza wakaleta majeshi mengine, na tarehe 4 Julai mwaka ule ule Ulundi, mji wa mfalme, ukachomwa moto, na baadaye ufalme ukagawanywa vipande 13. Hata hivyo tuseme kweli: Cetshwayo naye alituma wajumbe kutafuta amani, lakini wakubwa wa Waingereza walikuwa wamekwisha kuazimia kumvunja. Mtu wa siasa huhitaji mtu wa upande wa pili aliye tayari kusikia. Moshoeshoe alimpata, Cetshwayo hakumpata.

Wala tusimfanye Moshoeshoe kuwa malaika. Mwaka 1853, baada ya Cathcart kuondoka, alimshambulia jirani yake Sekonyela, mkuu wa Watlokwa, akaitwaa nchi yake. Tena mambo hayakumwendea vyema siku zote. Mwaka 1854 Makaburu walipata serikali yao ya Orange Free State, wakataka mashamba mazuri ya bonde la Caledon. Walipigana naye mwaka 1858, wakapigana tena tangu 1865 mpaka 1868. Walichoma mazao, wakateka mifugo, na nchi ikaliwa kidogo kidogo. Mfalme alikuwa mzee, na wanawe hawakupatana. Hapo akafanya jambo ambalo wengine wamelilaumu: aliomba nchi yake iwekwe chini ya ulinzi wa Malkia wa Uingereza. Tarehe 12 Machi 1868 ombi lake lilikubaliwa. Makaburu wakazuiwa, lakini nchi nzuri ng'ambo ya Caledon ilikwisha kupotea, na uhuru pia ulipungua. Hiyo ndiyo bei aliyolipa. Alikufa tarehe 11 Machi 1870.

Je, alipata nini? Watu wake walibaki pamoja, katika nchi yao, wakiwa na wakuu wao. Serikali ya Cape ilipojaribu kuwanyang'anya bunduki mwaka 1880, walikataa, wakapigana, na mwaka 1884 wakatolewa mikononi mwa Cape. Nchi yao haikutiwa katika Muungano wa Afrika ya Kusini mwaka 1910. Tarehe 4 Oktoba 1966 ikawa dola huru, nayo ndiyo Lesotho, iliyozungukwa pande zote na Afrika ya Kusini. Kila mwaka tarehe 11 Machi husherehekewa huko kuwa siku ya Moshoeshoe.

Sasa tuseme tofauti tuliyoahidi. Jemadari akimtazama mtu wa upande wa pili humwona adui. Mtu wa siasa humwona jirani wa kesho, hata akiwa ameshika mkuki leo. Na jemadari huuliza, tutashindaje? Mtu wa siasa huuliza, tukiisha kushinda, au tukiisha kushindwa, tutakaaje? Wote wawili huhitajiwa. Pasingalikuwa na wale waliovingirisha mawe mwaka 1831, na wale walioizuia njia ya mlima mwaka 1865, hata mkuu wa Makaburu Louw Wepener akauawa akipanda, barua za Moshoeshoe zisingalisomwa na mtu. Ila watu wale walikuwa chini ya shauri, wala shauri halikuwa chini yao. Kwa Shaka na Zwangendaba jeshi lilikuwa ndiyo nchi yenyewe. Kwa Moshoeshoe jeshi lilikuwa ukuta wa nchi, na ndani ya ukuta palikuwa na watu wanaokamua ng'ombe na kusemezana barazani.

Walimu mnaotusikiliza, mwaweza kuwapa wanafunzi wenu lile swali letu la kwanza, waandike jina la mtu mkuu mmoja. Kisha waulizeni na la pili: watu wake walikuwa katika hali gani miaka 10 baada ya kufa kwake? Nanyi wazee, mkisimulia vita jioni, msiwaache watoto kwenda kulala kabla hamjawaeleza jinsi vita vile vilivyokwisha, na ni nani aliyekwenda kusema na upande wa pili. Pengine mjumbe yule alikuwa mtu wa kijijini kwenu, na jina lake lingali linajulikana na mzee mmoja au wawili tu. Liandikeni.